Papa Aliyeshika Komeo

Kwa miaka miwili nilimtakia heri mtu niliyemchukia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha niliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu, hapa mtaani Tshopo, nikafumba macho na kusema kimoyomoyo: awe salama, awe mzima, moyo wake utulie. Mwenyewe anakaa ng'ambo ya pili ya njia. Kuna asubuhi nilimsikia akikohoa wakati huohuo ninapomtakia uzima, na nikatamani kikohozi kiendelee. Sijifanyi mtakatifu.

Zoezi hilo nililipata kwa mama mmoja anayeuza karanga karibu na soko. Alikuwa akichana kurasa za kijitabu cha Kifaransa na kufungia karanga. Nilipomaliza zangu nikaisoma ile karatasi, kwa kuwa mimi nasoma hata maandishi ya kwenye kopo la maziwa. Yalikuwa mafundisho ya Kibuda: kwamba maumivu yana chanzo, kwamba kinachokutesa ni kile ulichokishikilia, na kwamba yanaweza kwisha. Nilirudi mbio nikamwomba aniuzie kilichobaki.

"Mwalimu, uko na njala ya karatasi?" aliniuliza, na wenzake wakacheka.

Jalada halikuwepo, wala kurasa za mwanzo. Wateja walishaondoka nazo. Kwa hiyo kitabu changu kilianzia katikati ya zoezi: mtakie heri unayempenda, kisha mtu usiyemjua, kisha aliyekukosea. Kwa wa kwanza nilimweka mume wangu. Wa pili alikuwa kijana wa toleka, mwendesha baiskeli anayenibeba hadi shuleni, ambaye mpaka leo sijui anakaa wapi. Wa tatu sikuhitaji kumtafuta.

Nilikuwa na miaka tisa majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji wetu. Asubuhi ile palikuwa na utulivu kidogo, mama akatoka kutafuta maji. Aliniambia nisivuke njia, nisiende kwa jirani, nikae ndani mpaka arudi. Alipokwisha kupinda kona nilivuka. Kwa jirani kulikuwa na watoto wenzangu na mahindi ya kuchoma.

Mabomu yalianza tena. Papa, yaani baba wa nyumba ile, alituingiza sote chumba cha mbele, akatulaza sakafuni, mkewe akatufunika kwa magodoro, naye akafunga mlango. Baadaye mtu akaja akaupiga mlango kwa kiganja. Papa hakufungua. Tulipotoka, mama yangu alikuwa amelala kwenye baraza lao, miguu yake ikigusa kizingiti. Mtaa mzima uliona alipolala, na mtaa mzima ukajua ni nani hakumfungulia.

Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyenichukua na kunilea. Alinilisha, akanisomesha, na kila siku akanikumbusha jina la yule mtu ili nisije nikasahau. Ninamshukuru kwa vyote, hata kwa hilo, maana chuki ile ilinisaidia kusimama.

Lakini mlango haukunyamaza. Nyumbani kwangu hakuna anayegonga. Mume wangu hupiga mluzi akiwa bado njiani, wageni huita kwa sauti, na mwanafunzi akigonga mlango wa darasa chaki hukatika mkononi mwangu. Ninachosikia ni kiganja kilichonyooka, kinapiga bila haraka, kama mtu anayejua kuna watu ndani. Ndiyo maana nilikimbilia kitabu cha watu wa mbali. Mama mdogo alipokiona alikasirika sana.

"Unaacha kanisa juu ya bitabu ya Bachinois?"

Nilimwambia mafundisho yale hayakuanzia kwa Wachina, yalianzia India. Akasema India ndiyo mbaya zaidi.

Na zoezi lilifanya kazi, nisiseme uongo. Baada ya mwaka mmoja nilianza kumwamkia yule mzee. Alikuwa peke yake kwa muda mrefu. Mkewe alipofariki mtaa wetu haukwenda matanga, nami nilikaa nyumbani nikisahihisha madaftari huku nikiwasikia watu wachache wakijaribu kuimba. Sasa nikawa nampelekea pondu, majani ya muhogo ya kutwanga, siku nikipika. Alipokea kwa mikono miwili na hakuwahi kunitazama usoni. Nilijiona nimefika mbali. Nilikuwa na majivuno, kusema kweli.

Kisha mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa fizikia, akapata kitabu kizima kwenye simu akanitumia. Nilifungua mara moja zile kurasa zilizoliwa na karanga. Zoezi halianzi na unayempenda. Linaanza na wewe mwenyewe, na kitabu kinasema usiruke hatua hiyo, kwa kuwa nyingine zote zinasimama juu yake.

Nilicheka. Nikaenda kwenye kigoda, nikafumba macho. Niwe salama. Niwe mzima. Sikufika kwenye moyo. Kiganja kilianza kupiga, asubuhi kweupe, jirani wakifagia, na kilikuwa karibu kiasi kwamba nilisimama nikageuka. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu nilikubali kukumbuka kile ambacho sijawahi kukisahau hata siku moja.

Mama aligonga kwa muda mrefu. Sauti yake haikusikika kwa mabomu, lakini mkono wake niliujua. Kwenye upenyo wa magodoro nilimwona papa ameshika komeo kwa mikono miwili, maana lilikuwa limelegea na kila bomu likianguka lilitaka kuchomoka. Akageuza kichwa akaniuliza mimi, si mwingine: "Ni mama yako?"

Nikasema hapana. Niliogopa kuchapwa kwa sababu nilivuka njia.

Nilivuka tena jioni ile, nikiwa mwanamke wa umri mkubwa kuliko mama alivyokuwa. Mzee alikuwa ameketi kwenye baraza. Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia.

"Papa, ile siku uliniuliza kama iko mama yangu. Mi nikakujibu hapana. Na wewe hukusema kwa mutu."

Hakunitazama usoni, kama kawaida yake.

"Hapana, mama," akasema. "Umesahau, ulikuwa mutoto. Ulilia, ulisema ni ye. Mi nilikufunga kinywa na mukono. Kosa iko ya mi. Bon, rudia kwako, bwana yako anangoja."

Alidanganya. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye komeo. Hakuwa na mkono wa tatu wa kuniziba mdomo. Alilaaniwa na mtaa, akamzika mkewe karibu peke yake, na hata nilipomletea ukweli mlangoni hakuupokea, ili niondoke mwepesi. Kitabu changu kinakataza uongo, nami nimekisoma mara nyingi. Mzee yule hajasoma hata ukurasa mmoja wa mafundisho yale. Nililia pale barazani, naye akanipapasa bega kama mtu anayetuliza mbuzi.

Jumapili mama mdogo alikuja kula kwetu. Alipopita mbele ya nyumba ya mzee alitema mate, kama alivyotema kila mara, akaingia kwangu akiwa mchangamfu. Nilimwekea chakula. Kabla hajanawa nikamwambia yote: kuvuka, mahindi, swali, jibu langu. Nikamwambia yule papa hana kosa na asimtemee mate tena.

Hakunipiga. Hakulia. Alitazama mikono yake, akaiweka juu ya meza, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi inavyofanana na ya mama, vidole vifupi, kiganja kipana.

"Aligonga sana?" akauliza.

Alikuwa akinitazama, na nilijua kwamba jibu lolote nitakalompa ndilo atakalolala nalo mpaka kufa kwake.

"Hapana, mama mudogo," nikasema. "Mara moja tu."