Asali Kando ya Karai

Mwone akiingia, msomaji wangu: mama mrefu, mtandio kaufunga kiunoni, mkononi kikombe cha bati chenye kifuniko. Anapita kati ya magunia ya alizeti bila kumtazama mtu. Huyo ni Anifa wa Mandewa, na asubuhi hiyo kila mtu pale kwenye mashine ya mafuta, mtaa wa Utemini, alijua kwamba amekwishafukuzwa.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara za watu binafsi, na Mansuri, shemeji yake, akanunua mashine ya kukamua mafuta. Mbegu zilikaangwa kwanza kwenye karai kubwa, juu ya moto wa kuni. Kazi hiyo ilikuwa ya Anifa, mjane, na ndiyo iliyolisha wanawe. Ilikuwa na mila yake: mkaangaji hali kitu mpaka gunia liishe, la sivyo mafuta yatakauka ndani ya mbegu. Anifa alikuwa na kisukari. Alijidunga insulini alfajiri, chupa akiihifadhi kwenye mtungi ipate ubaridi, na mila akaishika. Wiki ya kwanza tu akaanguka kando ya karai, jasho likimtiririka, maneno yamempotea. Mansuri akamwambia akae nyumbani kivulini. Kisukari na moto wapi na wapi.

Hakukaa. Alikwenda kwa daktari Mathayo, naye akamweleza kwamba joto huiharakisha dawa kuingia kwenye damu, na tumbo likiwa tupu sukari hushuka ghafla. Akamsimulia panya wenye kisukari ambao wataalamu huwafuga kwenye joto: mwanzoni homoni za taharuki hupanda, halafu mwili huzoea, tezi ya shingoni hupunguza kasi, na panya hula kidogo. Ila wewe si panya, mama, akamwonya. Akampunguzia dozi, akamtaka ale kwa wakati, anywe maji, na asiachane na kitu kitamu cha kuipandisha sukari ikishuka.

Ndiyo maana ya kikombe.

“Shemeji,” Mansuri akasema akichungulia kikombe, “nimekutuma ukapumzike, unaniletea asali? Na sukari yako hiyo?”

“Wewe mwili wako umezoea kivuli. Wangu uache uzoee moto.”

Akashika koleo. Gunia lilipofika nusu, vidole vikaanza kutetemeka. Akaliweka koleo chini, akala asali mbele ya watu wote. Bi Fatu, aliyekuwa akikinga mafuta, akageuza uso.

“Umeyakausha, mwanangu.”

“Na yakauke, bibi. Mimi sikauki.”

Mafuta yakatoka. Mansuri akachovya kidole, akaonja, akamsogezea Anifa gunia jingine. Anifa akabaki karaini, na mwili ukazoea kweli, ingawa kikombe hakukiacha nyumbani hata siku moja.

Bi Fatu hushikilia mpaka leo kwamba mafuta ya siku ile yalipungua. Nami nakuuliza wewe: ungesimama pale, mikono inatetemeka, gunia bado nusu na macho yote kwako, ungefunua kikombe?