Nilikandika ukuta wa jiko, nikazika mbegu ya mwisho ya nyanya za mama

Habari zenu wakuu. Nipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, fundi cherehani, mtu mzima mwenye akili timamu. Hilo la akili nalisema mapema maana mkisoma mtaanza kuwa na mashaka. Ni kweli tupu, mama ni shahidi.

Mama yangu ana nyanya zake. Mbegu alitoka nayo Fizi, Kongo, tulipokimbia, na yeye aliipata kwa mama yake. Kwa macho si nzuri: bapa, zina mikunjo, zikiiva zinapasuka karibu na kikonyo. Ila zipike na dagaa, nsima, ugali wa huku, utaomba nyongeza.

Kuhifadhi anafanya kama wanawake wa kwetu. Anakamua nyanya iliyoiva, anabandika mbegu kwenye ukuta wa udongo jikoni, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Moshi unafukuza wadudu. Msimu ukifika anabandua.

Mwaka jana ukungu ulimaliza bustani. Ulibaki mche mmoja, na mbegu zake zote zilikuwa kwenye ule ukuta. Hakuna nyingine popote.

Sasa mimi na kiherehere changu.

Wamama wa kanisa walikuwa waje kusali kwetu Jumapili. Mama kaenda sokoni Dowa. Nikaona ukuta umejaa madoadoa, nikasema acha nimfurahishe. Nikachanganya udongo na majivu, nikakandika wote, laini kabisa. Nikapiga na picha.

Msiniulize kama nilikuwa sijui. Najua tangu utoto. Siku hiyo niliona uchafu tu.

Mama akarudi, akasimama mlangoni.

"Ni nani alikandika apa?"

"Ni mi, mama. Juu ya bageni."

"Bageni banakulaka ukuta?"

Jioni hakugusa chakula. Wakuu, wateja wamenitukana sana maishani, lakini ile sahani iliyojaa iliniumiza zaidi.

Kesho yake nilikuwa napeleka gauni Area 18, Lilongwe. Nikanunua pakiti ya mbegu za nyanya za hybrid, ile yenye picha nzuri. Mama akaigeuza geuza.

"Na mwaka kesho, mbegu yake tutabandika?"

Nikamwambia muuzaji kasema kila msimu tunanunua upya. Akanirudishia pakiti yangu.

Aliyetuokoa ni jirani, Mama Neema, Mrundi. Alikuja kuomba moto, akatukuta tumenuna, akaelezwa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mbegu iko mu udongo na munalia? Mukwangule, mumwange inje!"

Nikakwangua ukuta, ndoo nne. Nikaponda mabonge, nikatandaza kitaluni, nikamwagilia. Jumapili wamama wakasali wakitazama ukuta uliochunika, mbaya kuliko ulivyokuwa mwanzo. Aibu yangu mwenyewe.

Wiki mbili, magugu tu. Mama kila asubuhi anachuchumaa pale.

Siku moja akasugua jani fulani, akanusa vidole, akaniita kwa kelele. Miche mitatu! Kuku akala mmoja. Miwili ikazaa.

Nyanya ya kwanza mama aliikata mbichi, akatia chumvi, akafumba macho.

"Njo yeye." Yaani ndiyo yenyewe.

Nilitoka nje nikalia, sioni haya kusema.

Nikadhani safari hii mbegu ataificha vizuri. Thubutu! Kamgawia Mama Neema, kagawia wamama wa kanisa, hata Mmalawi mwenye shamba jirani, aliyesema zikomo, asante ya kwao, mpaka akachoka. Nikamuuliza mbona hivyo.

"Yangu ikipotea, nitaomba kwabo."

Juzi dada yangu anayeishi Kanengo kataka mbegu. Za mama zimeisha, zote kagawa. Nikaenda kuomba mbegu za nyanya za bibi yangu kwa Mrundi. Akanipa, ila kwanza akanikalisha, akanifundisha namna ya kuzitunza. Nikasikiliza mpaka mwisho.

Nilichojifunza: kitu unachokipenda hivyo, usikae nacho peke yako.

Nyie mliohama kwenu, mlibeba mbegu gani? Na nani mwingine anayo? Tiririkeni hapo chini.