Maombi Yaliponiishia

Nilijua mambo si sawa siku tuliyomzika mama mmoja mzee wa kanisa letu pale Migwani. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama, na kwa miaka mingi aliyetaka mtu wa kuombesha aliniita mimi. Mgonjwa, harusi, nyumba mpya, mtoto anayeingia sekondari, kote nilikwenda. Siku hiyo pasta alinipa ishara, nikasogea karibu na kaburi, nikafumba macho, na kwa sauti yangu ile ile ya kila siku nikasema, "Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki, na kwa mikono iliyokiandaa."

Mtu akakohoa. Nilifungua macho nikaona jeneza. Sikujua niendelee vipi, nikasema amina, na watu wakaitikia kwa sauti ya chini.

Tulipokuwa tukirudi kwenye hema, binti wa marehemu alinishika mkono. "Usijali, mama," akaniambia. "Hata yeye hakupenda maombi marefu." Watu walidhani ni huzuni iliyonichanganya. Haikuwa huzuni. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeomba hivyo, mdomo ukienda wenyewe kama mtu anayeambua kunde huku mawazo yake yako sokoni. Biblia niliifungua tu kutafuta la kuwafundisha wengine. Nikiwa peke yangu, nikijaribu kusema neno moja na Mungu, nilisikia usingizi. Niliamini nimeasi, basi nikafunga kula ili nirudi nilivyokuwa, nikaambulia kizunguzungu.

Pasta na mkewe walikuja kwangu jioni ya mazishi. Nilijitayarisha kukemewa. Pasta alikunywa chai polepole, kisha akaniuliza, "Mama, mara ya mwisho kuombewa wewe ilikuwa lini?"

Nilichukua birika nikamwongezea chai.

"Umechoka," akasema. "Mtu akichoka si kwamba ameasi. Nenda mahali upumzike."

"Na akina mama je?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Akina mama wana midomo."

Basi nikaenda Makueni, kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa Kalamba. Ni mjane, analima mbaazi, na maneno yake ni machache. Jioni ya kwanza aliweka mezani muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nami kwa mazoea nikafumba macho nianze kuomba.

"Wacha," akasema. "Kwa hii nyumba naomba mimi. Wewe utakula."

Aliomba kwa Kikamba, bila haraka. Aliwataja watoto wangu, kisha akanitaja mimi kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu mama yetu atutoke. Nilikula huku machozi yananidondoka. Dada aliniongezea tu chakula.

Jumapili tulikaa benchi la nyuma. Wageni wakaombwa wasimame wajitambulishe, na mzee aliyekuwa akiongoza akaniuliza nafanya huduma gani kwetu. Nilisikia dada akinivuta rinda.

"Natoka Migwani," nikasema. "Nimekuja kumwona dada yangu."

Nikaketi. Sijui kama naweza kueleza vile mabega yangu yalilegea. Walianza kuimba na mimi sikuweza, lakini wimbo haukuningoja. Uliendelea mbele yangu na kando yangu, mzuri kabisa, bila msaada wangu. Zamani jambo hilo lingeniogopesha. Siku hiyo nilitamani wasimalize.

Baadaye katika wiki tulikuwa tunapepeta mbaazi uani, na upepo ukatulia. Tulisimama na nyungo zetu tukingoja, jua likituchoma.

"Bwana, si utupe hata kaupepo kidogo," nikasema. "Mikono inauma."

Tukaendelea kungoja. Ilipita kitambo kabla sijatambua nilikuwa nimeongea na nani. Nilikaa juu ya gunia nikaanza kucheka.

"Ni nini?" dada akauliza.

"Nimeomba."

"Nilisikia. Haya, shika ungo."

Upepo wenyewe ulikuja alasiri, wala sikujali umechelewa.

Niliporudi Migwani niliwaambia akina mama ukweli wote, na kwamba sitaombesha kila mahali tena. Mmoja alisema shetani ameniweza. Lakini mwingine, mwanamke niliyedhani ni moto kuliko mimi, alinifuata nyuma ya jikoni la kanisa na kuninong'oneza kwamba hata yeye hajaomba kwa moyo tangu msimu wa kupanda. Tulisimama hapo tukishikana mikono kama wasichana, tukicheka kwa kupata nafuu. Tangu hapo tunapokezana. Uchovu huja tena mara moja moja, na siku hizi naujua mapema: naanza kuomba haraka haraka, ama naudhika simu ikilia. Nikiona hivyo nawaambia wenzangu, na yeyote aliye na nguvu ananishika mkono na kuniombea, hata tukiwa sokoni.

Juzi tulikwenda Nuu kumwona mgonjwa. Aliyeombesha ni mwanamke aliyeolewa kwetu juzi juzi tu, na aliomba akisitasita kutafuta maneno. Sikumsaidia. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, nimevua viatu, macho nimeyafumba, na kila neno lake lilikuwa linanifikia. Alipomaliza nikasema amina, na ilitoka moyoni.