Nyakerario na Madaktari Sita

Nyakerario hakuwa na pumu. Alisema hivyo kwa miaka mitatu, kila alipokwenda hospitali, na kwa miaka mitatu alirudi Ekerenyo na pampu nyingine ya pumu mkononi. Tulishona katika kibanda kimoja, cherehani yake mlangoni na yangu nyuma, na nilimsikia akihema kila alipopanda kilima kutoka sokoni. Nilimwambia apunguze ukali kwa madaktari. Akanijibu kwamba ukali ndio uliomfikisha miaka ishirini na tisa, nisiingilie mambo yake.

Alikuwa na haki. Akiwa na miaka saba aliugua saratani ya damu, akatibiwa mbali na nyumbani, akapona. Aliporudi, waumini wenzao wa Sabato walijaa uani, kwaya ikaimba, na mama yake, Mong'ina, akachukua karatasi zote za hospitali akazitia motoni jikoni mbele ya watu. Ugonjwa usipate njia ya kurudi, alisema, na watu wakaitikia amina. Tangu siku hiyo neno saratani halikutajwa nyumbani kwao. Kulitaja kulikuwa kumkana Mungu aliyeponya. Hata muuguzi akiuliza, jibu lilikuwa moja: mtoto huyu ni mzima.

Mwaka huu alishika mimba. Kufikia mwezi wa tano wa mimba alikuwa halali ila ameketi, na miguu ilivimba hadi viatu vikamkataa. Kwenye kliniki ya wajawazito alimkuta daktari mgeni, Lynette Anyiko, mzaliwa wa upande wa ziwa, aliyeletwa kuwafundisha madaktari wa Kisii na Nyamira namna ya kuwaangalia watu waliopona saratani utotoni. Huyo alimuuliza swali ambalo kwa miaka mitatu halikuulizwa: ulipokuwa mtoto uliugua nini? Nyakerario akamwambia ukweli, kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Anyiko akamweleza kwamba baadhi ya dawa za saratani huponya damu zikauumiza moyo, na moyo unaweza kuvumilia miaka ishirini kabla ya kulalamika. Mimba huulemea zaidi. Akamwandikia barua apigwe picha ya moyo kwa mashine, haraka.

Barua ilirudi. Daktari Ochoki, mpangaji wa foleni ya mashine na yule yule aliyekuwa akimpa pampu, alikuwa ameandika chini yake: mgonjwa wa pumu, hana karatasi za saratani, asubiri miezi mitatu. Miezi mitatu! Mimba ingekuwa ya miezi minane. Nilitukana pale pale kibandani, mimi shemasi mzima.

Nyakerario hakutukana. Alimpigia Anyiko simu. Anyiko akamwomba aje kwenye mafunzo mjini Kisii, akae kama mgonjwa, madaktari wamhoji kwa zamu, naye ajibu anachoulizwa tu. Ochoki angekuwepo.

"Nitakuja," Nyakerario akasema, "lakini sitatoka hapo bila hiyo picha. Wajue mapema."

Tulimsindikiza, mimi na Mong'ina, aliyebeba chupa ya uji. Nyumbani Nyakerario alikuwa amemsihi mara nyingi aseme anachokumbuka kuhusu matibabu yale, akaambulia kuambiwa aombe.

Madaktari walikuwa sita. Walikuwa wapole, sitawasingizia. Waliuliza kuhusu kikohozi, vumbi la vitambaa, moshi wa jikoni, damu kupungua, kama mume anavuta sigara. Watano walipita na hakuna aliyegusa habari za utoto. Wa sita, Ochoki, hakuuliza dalili yoyote. Alimtazama akacheka kidogo.

"Huyu namjua, ni wa pumu. Mama, pampu unatumia vizuri?"

"Daktari, hiyo pumu ni yako," Nyakerario akasema. "Yangu mimi ni moyo."

Anyiko akasimama akawaambia mgonjwa wao alitibiwa saratani ya damu akiwa na miaka saba. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, husema Waswahili, lakini hapa asiyeuliza alikuwa daktari, na wa kuumia alikuwa mwingine. Niliona wawili wakiinamia daftari zao kwa aibu.

Ochoki hakuinama. "Nakubali, sikuuliza," akasema. "Lakini ni dawa gani alipewa? Mara ngapi? Ziko nyingi zisizogusa moyo. Kwa foleni yangu kuna watu kumi na wawili, nao wanaumwa. Bila karatasi, nimruke nani?"

Swali lake halikuwa la kijinga, na hilo liliniudhi kuliko kicheko chake.

Nyakerario aligeuka akamtazama mama yake. "Sema sasa," akamwambia kwa Ekegusii, lugha yetu. "Ama utasema kwa mazishi yangu?"

Mong'ina akasimama. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

"Mimi ndio nilichoma hizo karatasi," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Karatasi imeungua, lakini mimi bado niko. Dawa ilikuwa nyekundu. Wanaweka kwa dripu Ijumaa, mtoto anakojoa nyekundu, mimi nalia, nafikiri ni damu. Na kila mara wakiweka hiyo, Sabato inanipata kwa wodi, sifiki kanisa. Nilikuwa nahesabu, juu niliogopa Mungu wangu, Nyasae, ataniuliza. Sabato nane. Nane, daktari."

Anyiko hakuhitaji zaidi. Dawa hiyo nyekundu ndiyo aliyokuwa ameifundisha asubuhi yote, na mara nane kwa mtoto mdogo si haba. Alisema hivyo, kisha akamsogezea Ochoki ile barua na kalamu. Ochoki alitia sahihi.

Picha ilipigwa alasiri ile ile. Ochoki mwenyewe ndiye aliyetuletea majibu, na safari hii hakuwa akicheka. Alisema moyo umelegea na hausukumi damu inavyopasa. Akakuna kichwa, akaongeza, "Kwa moyo kama huu, mama, ningekushauri usishike mimba."

"Hukunishauri," Nyakerario akamwambia. "Ulipata miaka mitatu ya kunishauri na hukunishauri. Mtoto yuko hapa, anapiga teke. Niambie nitamzaaje, na mimi nibaki."

Ochoki alivuta kiti, akaketi mbele yake, akaanza upya: "Ulipokuwa mtoto, uliugua nini?"