Mama Ratiba na Viti vya Roshani

Watu walimwita Mama Ratiba, naye akaitika. Miaka kumi na mmoja ndiye aliyekuwa akiandika ule ukurasa wa Ijumaa gazetini unaowaambia watu wikiendi waende wapi: mchezo gani wa kuigiza unavunja mbavu, kwaya ipi imeiva, ukumbi upi una feni zinazozunguka kweli. Zamani alikwenda mwenyewe, akakaa, akatazama, ndipo akaandika. Siku hizi magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo alipiga simu tu. Meneja wa ukumbi husimulia, yeye huandika, na hakuna msomaji aliyewahi kushtuka.

Ijumaa ile nafasi ya kwanza aliipa opera, iliyotungwa na kuimbwa na kikundi cha walimu na wauguzi katika ukumbi mkongwe kuliko zote mjini. Aliandika: "Jumamosi saa kumi jioni, msikose. Ukipata kiti cha roshani usikiachie, maana sauti hupanda huko ikakufikia nzima nzima." Hayo ya roshani aliyatoa kichwani tu. Mara yake ya mwisho kukaa kule juu ilikuwa miaka tisa nyuma.

Jumamosi saa nane na nusu, shemeji yake alipita kurudisha ngazi aliyoazima. Alikuwa fundi seremala, mume wa mdogo wake, na wiki nzima alikuwa kwenye ukumbi ule akitengeneza jukwaa. Aliiegemeza ngazi ukutani, lakini hakuondoka.

"Shemeji," alisema, "ni wewe uliyewaambia watu wakae roshani?"

"Ni mimi. Kwani vipi?"

"Pale chini ya roshani nikifagia asubuhi, jioni nakuta unga wa mbao tena. Kila siku. Ile boriti kubwa inayoibeba inaliwa na wadudu kwa ndani."

"Umemwambia meneja?"

"Nimemwambia. Akasema ni vumbi."

Mama Ratiba aliitafuta namba ya meneja. Akapiga simu. Meneja alipokea akicheka: "Mama Ratiba wangu! Roshani imejaa pomoni, yote kwa ajili yako!" Alipoanza kumweleza habari za boriti, yule bwana akasema ana wageni mlangoni, akakata. Kupiga tena, haipokelewi.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama yake. Bi kizee yule hakusoma kitu gazetini ila ukurasa wa mwanawe, na alikuwa ametoka na shoga zake watatu tangu saa nane, kuwahi viti vya mbele kabisa vya roshani. Na simu yake alikuwa ameiacha mezani, inachajiwa.

"Twende," alimwambia shemeji.

Walikodi gari. Njiani aliusokota mkanda wa mkoba, na kila waliposimama kwenye taa alijiona akisikia kishindo ambacho hakikuwapo. Walipofika saa kumi kasoro dakika ishirini, ukumbi ulikuwa bado umesimama. Hilo halikumpoza moyo. Fundi alikwenda kumtafuta meneja, yeye akapanda ngazi za roshani, nyembamba, za mbao, ambazo watu wawili hawawezi kupishana. Magoti aliyasahau kabisa.

Juu palikuwa na watu themanini hivi, wanacheka, wanajipepea. Mama yake alikuwa mstari wa kwanza, ameegemea ukingo. Mama Ratiba alikanyaga, ubao ukabonyea kidogo chini ya kiatu. Pengine ulikuwa ukibonyea siku zote. Hakujua, na kutojua ndiko kulikomtoa kijasho chembamba. Alitaka kupiga kelele. Lakini akazitazama zile ngazi, akawatazama wale watu, akaona wazi kwamba akipiga kelele watakurupuka wote kwa pamoja, na kishindo cha miguu yao ndicho kitakachoiangusha roshani.

Alijilazimisha kutabasamu.

"Jamani, samahanini," alisema kwa sauti ya kawaida. "Leo roshani inafungwa. Tunashuka mstari mmoja mmoja, wa nyuma waanze. Taratibu tu, opera haianzi bila ninyi."

Watu walinung'unika. Bwana mmoja mwenye tai akakunja mikono. "Nimelipia roshani, sitoki. Gazeti limesema tukae huku."

"Hilo gazeti ni mimi," alisema Mama Ratiba. "Mimi ndiye niliyewaambia mkae huku, na sasa mimi ndiye ninayewaambia mshuke."

Yule bwana alimwangalia. Sijui aliona nini katika uso ule uliokuwa ukitabasamu huku midomo inatetemeka, lakini alinyanyuka bila kubisha tena, akatembea kwa ncha za vidole.

Mstari wa tano ukashuka, wa nne, wa tatu, wa pili. Kila mguu uliogusa ubao aliusikia kifuani mwake. Wakabaki wa mbele.

"Si uliandika sauti hupanda huku?" mama yake alilalamika, akiokota mkoba wake polepole kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Niliandika, mama. Sikuja kuangalia. Nipe mkono."

Bi kizee aliupachika mkoba begani. Akampa mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

Chini walimkuta meneja amefura. Fundi hakubishana naye. Alichukua bisibisi, akaisukuma ndani ya boriti kwa kiganja tu, bila nyundo. Ikazama mpaka kwenye mpini. Meneja alirudi nyuma hatua mbili, akawaambia walinzi wafunge kamba, mtu asikae chini ya roshani wala juu yake.

Opera ilianza imechelewa nusu saa, watu wamesimama ukutani na kukaa sakafuni karibu na jukwaa. Walisema ilikuwa nzuri sana. Mama Ratiba hakusikia wimbo hata mmoja. Saa nzima na robo alikuwa amegeuza shingo, macho kwenye ile boriti. Haikuanguka. Wiki iliyofuata fundi aliibomoa kwa siku mbili, na vipande vyake vilivunjika mikononi kama mkate mkavu.

Ukurasa wake bado anauandika, ila sasa haandiki ukumbi asioukanyaga. Anafika Jumatano, anapanda, anagonga nguzo, anahesabu milango. Hofu haijamtoka. Juzi mwanamke mmoja alimshika bega sokoni: "Mama Ratiba! Kesho tunakwenda kule ulikosema, familia nzima!"

Mama Ratiba alimgeukia. "Mtakaa wapi?" aliuliza.

Mwanamke akacheka, akidhani anataka kukaa nao. "Popote utakapo, tutakuwekea kiti."