Jina Juu ya Kifurushi

Watu wengi walionunua nguo za watoto kwa Edah waliujua mkono wake kabla ya kuijua sura yake. Ulikuwa mkono wa kushoto, wenye kovu la panga la miwa kwenye kidole gumba, kumbukumbu ya kukulia Butali, na karibu kila siku kabla ya adhuhuri ulionekana kwenye Facebook na kwenye statasi ya WhatsApp ukiwa umeshika kifurushi. Nyuma yake kulikuwa na vingine, vimepangwa juu ya mkeka karibu na dirisha la nyumba aliyopanga Amalemba, mjini Kakamega. Kila kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: jina la mnunuzi, mahali anapoishi, nambari yake ya simu. Edah akishapiga picha aliandika, "Mizigo ya leo imetoka," akatia vyote guniani na kuvipeleka steji ya magari.

Picha hizo hazikuwa kwa ajili ya wenye mizigo. Zilikuwa kwa wale ambao bado hawajanunua. Mtu aliye Matete, anayetaka kumtumia pesa mwanamke wa Kakamega asiyemjua, huogopa, na ana haki ya kuogopa. Anataka kuona kwamba mwingine, mwenye jina na nambari, alituma na akapata.

Hilo Edah hakulijua mwanzoni. Duka alimokuwa akiuza lilipofungwa, alifungua ukurasa wake na kuweka picha za nguo tu. Watu wakasifu. "Maridadi sana," wakaandika, wakaenda zao. Mpaka Swafia, mwanamke wa Mumias, alipojitosa kununua suti ya mtoto. Mzigo ulipomfikia aliupiga picha jinsi ulivyo, jina na nambari yake vikisomeka vizuri, akaandika, "Alhamdulillahi, huyu dada si tapeli." Siku hiyo simu ya Edah haikupumzika. Tangu hapo, jina juu ya kifurushi likawa ndilo bango la duka. Wateja wenyewe walilipenda. Wapo walionuna majina yao yakifunikwa na ya wenzao.

"Edah, mbona mimi umeniweka huko nyuma?"

"Kesho nakuweka mbele, mama. Nunua tena tu."

Beverly alimwandikia inboksi saa ya chai. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Matete. Alitaka fulana, kofia, soksi na shali, nyeupe au za njano, na akauliza kama zipo ndogo kuliko zile za kwenye picha. Edah alimchagulia kutoka kwa zile ambazo wauza mitumba huziita kamera, nguo za kwanza kutolewa robota linapokatwa, kabla mikono mingi haijazipitia. Alizifua, akazipiga pasi, akazikunja. Yeye mwenyewe alimzaa mwanawe Griffin hapa mjini bila mtu wa kumpongeza, na jambo hilo lilikuwa bado halijamtoka. Kwa hiyo, chini ya jina la Beverly na nambari yake, akaongeza maneno mawili: Hongera Mama. Akachora na moyo.

Kifurushi hicho kilipendeza kuliko vingine. Akakiweka mbele kabisa, akapiga picha.

Huko steji, Husseini, anayepokea mizigo kwenye kidirisha cha kampuni ya magari, alilitazama gunia akatikisa kichwa.

"Mama Griffin, leo umetuletea mlima."

"Sukuma tu, Husseini. Mlima ndio unakulipa mshahara."

"Mshahara gani. Mimi nalipwanga na salamu."

Alipofika nyumbani, chini ya picha kulikuwa na maoni mengi kuliko kawaida. La juu lilitoka kwa mwanamke aitwaye Ashley: "Wifi, kumbe! Na hamtuambii? Hongera sana jamani." Wengine wa ukoo walifuata, na mmoja akasema ameipeleka picha kwenye kundi la familia. Edah akafurahi. Akawajibu wote kwa vikopa.

Beverly alipiga simu kesho yake asubuhi. Hakupaza sauti.

"Wewe ndiye Edah?"

"Ndiye. Mwalimu, mzigo umefika?"

"Umefika. Na habari imefika kabla yake. Dada, mimi nilikuandikia inboksi. Inboksi ni chumbani. Kwa nini ulinitoa nje uwanjani?"

Edah alianza kueleza juu ya matapeli na woga wa wateja. Beverly alimwacha amalize, kisha akamweleza yake. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu hakumwambia mtu ila mume wake. Daktari alimwambia mtoto huenda akaja mapema, aweke begi tayari, ndipo akanunua kwa simu, kwa siri, kwa sababu kwao nguo za mtoto hazinunuliwi akiwa bado tumboni. Ukinunua unamwita kabla hajakubali kuja.

"Sasa mama mkwe amekuja hapa," akasema. "Hajanigombeza. Amekaa tu anaangalia huo mzigo. Ikitokea kitu, Edah, hata mimi sitajua nimlaumu nani."

Simu ikakatwa.

Edah aliifuta picha. Akamwandikia Ashley kumwomba aifute kule kwenye kundi. Ashley, ambaye hakuwa na ubaya, akajibu kwamba yeye alifurahi tu, na kwamba atafuta, lakini watu walishaihifadhi. Edah akakaa juu ya mkeka na kalamu yake mkononi. Desturi hiyo hakuwa mgeni nayo. Alikulia ndani yake, kama Beverly. Ila miaka ya kuuza nguo za watoto ilimzoesha kuwaona wanunuzi wote kuwa mama wa watoto waliokwisha kuzaliwa, na mjamzito alikuwa kwake saizi tu, ndogo kuliko zote.

Haikupita wiki, Husseini akampigia.

"Kuna mzigo wako umerudi kutoka Matete. Wako haurudingi. Kwani uliweka nini?"

Kilikuwa kifurushi kilekile, hakijafunguliwa. Maneno Hongera Mama yalikuwa yamekwaruzwa kwa kalamu ya kawaida, kwa nguvu, hadi karatasi ikachanika. Pembeni iliandikwa nambari ya simu ya mtumaji, ambayo haikuwa ya Beverly.

Jumapili Edah alikwenda Butali kwa mama yake, Roda, akamsimulia. Roda alikuwa anachambua mboga. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Siku zetu," akasema mwishowe, "habari ya mimba ilijulikana na watu watatu. Mwenyewe, Mungu, na mume. Na mume ndiye aliambiwa mwisho."

"Mama, mimi nilimpongeza."

"Ulimpongezea nini, safari haijafika? Sisi hata shali tulikuwa hatununui. Wewe umenunulisha, ukapiga picha, ukaita wifi." Akatupa mabua pembeni. "Hizo nguo utafanyia nini?"

"Nilikuwa nafikiria nimrudishie pesa, nizitundike tena."

"Usizitundike. Zina mwenyewe. Kama haziwezi kukaa kwake, zikae kwako. Wewe si mtu wa kwao, nyumba yako haina neno."

Ndivyo alivyofanya. Aliweka kifurushi juu ya kabati, akamtumia Beverly ujumbe wa sauti: "Mwalimu, nguo ziko kwangu, hazionwi na mtu. Siku ukizitaka, sema. Usipozitaka, sitakuuliza." Alama mbili zikawa za buluu. Jibu halikuja.

Kuanzia hapo alipiga picha vifurushi vikiwa vimelazwa kifudifudi, mgongo wa karatasi tu. Biashara ikapoa. "Majina yameenda wapi? Na wewe umeanza utapeli?" mmoja akaandika, na watu wakacheka chini yake. Mwingine akashauri wenzake wasitume pesa kwanza. Edah aliona wateja aliowatafuta kwa jasho wakihamia kwa muuzaji mwingine wa Shinyalu aliyeonyesha majina hadi ya mitaa. Adhuhuri moja, akiwa na vifurushi vichache mno kufunika hata nusu ya mkeka, alivigeuza uso juu, akapiga picha. Kilichobaki ni kubonyeza. Jicho likapanda juu ya kabati. Alifuta picha, akavigeuza tena.

Ila alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliwauliza. Kila aliyenunua alimwandikia, "Jina lako lionekane au lisionekane?" Alitarajia wengi waseme lionekane. Wengi walisema lisionekane, na wengine wakashukuru kwa maneno marefu. Mmoja alikuwa akimnunulia mtoto wa dada yake bila mume wake kujua. Mwingine hakutaka majirani wajue kuwa anawavalisha wanawe mtumba.

Akakumbuka kwamba Swafia wa Mumias alipotea zamani. Alikuwa amedhani kwamba amepata duka lingine. Akamtafuta Facebook, wakasalimiana.

"Wa alaikumu salamu, dada Edah. Sikukuhama," Swafia akamwambia kwa simu. "Nilibadilisha laini. Baada ya ile picha kuna mwanamume alikuwa ananipigia kila siku, anajua jina langu, anajua nakaa Mumias, anajua nina mtoto mdogo. Mume wangu akaanza kuniuliza ni nani."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Picha ya kwanza si ni mimi niliweka? Nilionanga aibu."

Edah alibaki na simu sikioni hata baada ya Swafia kuaga. Alikuwa ameupata ukurasa wake wote kwa jina la mwanamke huyo.

Wateja walirudi polepole, si wote. Robota zikakatwa, kamera zikatolewa, mvua ikaja ikaenda. Kila alipopanguza vumbi juu ya kabati alikinyanyua kile kifurushi, akapanguza chini yake, akakirudisha. Kumuuliza Beverly hakuweza, maana aliahidi. Aliona siku moja kwamba mwalimu amebadilisha picha yake ya WhatsApp, akaweka ua. Akalitazama ua hilo kwa muda mrefu, na halikumwambia kitu.

Simu iliyokuja ilitoka kwa nambari aliyokuwa ameiona kabla. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee.

"Mulembe. Ni wewe wa nguo?"

"Mulembe, mama. Ni mimi."

"Mimi ni Jescah, mama mkwe wa mwalimu wa Matete. Ni mimi nilirudisha mzigo wako." Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu, na gurudumu la kitanda likilia. "Uko nao bado?"

"Niko nao. Haujafunguliwa."

"Basi ulete hapa Kakamega, hospitali kuu. Alikuja haraka, hakungoja. Ni mdogo, lakini analia vizuri. Hapa kuna baridi na kofia waliyompa inamfika mabegani."

Edah alitaka kusema neno, akalirudisha. Akauliza tu, "Na mwalimu?"

"Amelala. Ni yeye ameniambia nikupigie." Mzee akashusha sauti. "Usiandike kitu juu. Weka nambari yangu peke yake."

Edah alikiteremsha kifurushi kutoka juu ya kabati. Akaitoa ile karatasi iliyokwaruzwa, akazipiga nguo pasi upya, maana zilikuwa zimeshika mikunjo, akazitia kwenye mfuko mpya. Kalamu ilikuwa pale. Aliandika nambari ya mama mkwe, akaifunika kalamu.

Vifurushi vingine vya siku hiyo vilikuwa vinangoja juu ya mkeka, na simu iliita, bila shaka mteja akitaka kujua mizigo imetoka au bado. Aliiacha iite. Alifunga mlango, akaubana mfuko kwapani chini ya leso ili hata majirani wasiuone, akashika njia ya hospitali kwa miguu.