Mpishi Aliyekataliwa na Kobe

"Mwenye mdomo wa kukataa chakula changu hajazaliwa!"

Mwiko, mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha viatu, aliyasema hayo akiwa ameng'ang'ania kipaza sauti kwenye sherehe ya kumuaga mhasibu. "Akitokea, navua aproni, nakwenda kuuza mkaa!" Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki yao. Miaka ishirini na sita jikoni si mchezo. Kitunguu kikimwona kilijimenya chenyewe.

Mdomo wenyewe ulikuwa njiani, ila ulikuwa unakuja polepole.

Binti yake, mwanafunzi wa uuguzi, alipangiwa mazoezi ya wiki nane katika hospitali ya mbali. Akamwachia baba yake kobe mchanga aitwaye Haraka, mwenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na kwenye mlango wa friji akabandika karatasi ya maelekezo, mistari kumi na miwili.

"Baba, utaisoma?"

"Mwanangu, nalisha watu mia tatu kwa siku. Nitashindwa na kisahani chenye miguu?"

Karatasi akaisoma kama mpishi anavyosoma mapishi ya mpishi mwenzake, yaani hakuisoma. Siku hiyo hiyo, kwa furaha ya kukabidhiwa mgeni, akang'oa kila gugu uani hadi pakang'aa kama sinia. Kisha akafunga aproni.

Haraka aliandaliwa karoti ya kuchemsha iliyokatwa nyota, wali laini wenye siagi, na nyama ya kusaga "ya kumjenga mwili". Ndizi mbivu ndiyo ya kumalizia. Akala ndizi, vingine akavikanyaga. Mwiko akaongeza chumvi. Haraka akaingiza kichwa ndani.

"Amekufungia mlango huyo," mke wake akasema, mikono ikiwa ndani ya beseni la nguo.

"Anazoea tu, mama watoto."

"Sawa. Nianze kukutafutia magunia ya mkaa?"

Wiki ya tatu, Mwiko alimwinua kobe ili amfute wali mgongoni, kidole gumba kikazama. Gamba lilibonyea kama kifuniko cha kopo la plastiki. Mtu aliyewahi kumwagikiwa mafuta ya moto asipige kelele, siku hiyo alipiga kelele. Binti yake hakuwa mtu wa kuomba. Aliomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilikuwa kinalainika mkononi mwa baba.

Chai hakuimaliza. Akamweka Haraka ndani ya kofia yake ya upishi, wakaenda kwa daktari wa mifugo.

"Anakula nini?" daktari akauliza.

Mwiko akavitaja kimoja kimoja, kwa sauti ile ile ya kutangaza chakula cha mchana. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, huyu ni kobe au mgeni rasmi?"



"Kobe mdogo anajenga nyumba huku amehamia," daktari akaendelea. "Wewe umemletea mapazia, saruji hakuna. Mpe majani mabichi ya aina nyingi, leo haya, kesho yale: mchunga, ukoka, majani ya haibiskasi na maua yake. Ganda la yai lisage, umnyunyizie. Nyama hapana, wali hapana, chumvi usiiguse kabisa. Ndizi kwake ni peremende. Na jua la asubuhi apate, pamoja na kivuli cha kukimbilia."

"Majani nichemshe dakika ngapi?"

"Huchemshi."

"Kidogo tu, yalegee?"

"Mzee!"

"Haya. Atapona?"

"Umewahi. Ungechelewa mwezi, tungeongea mengine."

Nyumbani Mwiko akasimama mbele ya friji, akaisoma karatasi kwa mara ya kwanza. Kila alichosema daktari kilikuwemo. Mstari wa kumi na mbili ulipigiwa mistari miwili chini yake: *Baba, nakupenda. Usipike.*

Akageukia uani kutafuta magugu. Sinia tupu lilimtazama.

Basi kila alfajiri, kabla ya zamu, akawa anazunguka nyuma ya uzio wa kiwanda na bakuli, mgongo umepinda, akichuma. Mlinzi hakumwacha hivi hivi.

"Bosi wa jiko, leo tunakula nyasi?"

"Wewe endelea kuuliza, utazikuta kwenye sahani yako."

Aliosha majani, akayapanga, mkono wa kulia ukimwasha kwa hamu ya chumvi hadi akauweka mfukoni. Siku ya kwanza, hakuna jani lililoguswa. Siku ya pili Haraka akatoa kichwa, akalikagua ua la njano la mchunga, akauma. *Krip!* Mwiko, amelala kifudifudi sakafuni, akapiga makofi peke yake.

Maganda ya mayai ya kantini nzima yakaanza kuishia kwenye kinu chake. Kwa mara ya kwanza maishani alisaga kitu ambacho hakukionja.

Binti aliporudi, mkoba bado begani, alimwinua Haraka na kumbonyeza gamba. Akabonyeza tena.

"Gumu! Pembeni tu ndiyo bado kidogo. Karatasi uliisoma, baba?"

"Ipo yote kichwani."

"Uliisoma lini?"

Mke akakohoa. Binti akamtazama mama, akamtazama baba, kisha akaangua kicheko.

"Na ule mkaa, baba watoto?" mke akadakia.

"Mkaa gani? Mimi nilisema mwenye mdomo. Huyu ana mdomo? Huyu ana mkasi!"

Jumamosi akalima tuta uani, pale pale alipong'oa magugu, akaenda kwa muuza mbegu.

"Nipe mbegu za mchunga."

"Mzee, watu huja hapa kununua dawa ya kuliua hilo gugu."

"Mimi nina mteja wake."

Muuzaji akapekua chini ya meza, akapuliza vumbi. Pakiti moja, shilingi mia tano.